Prof wa Mayi na Madirisha ya Chumvi

Kolwezi ukikutana na mtu, anakuuliza hali, kisha anakuuliza bei ya kobalti. Prof alikuwa na salamu yake mwenyewe. Alikushika mkono, akakutazama midomo kama imepasuka kwa vumbi, halafu akauliza: "Leo ulikunywa mayi?" Ukisema ndiyo, anataka kujua maji hayo yametoka kisima gani. Ukisema bado, anakasirika kama umemtukana. Hakuwa daktari. Alifundisha kemia katika chuo chetu, na katika mji ambao kila mwenye akili husomea shaba, yeye alichagua maji. Tena si maji ya bomba wala ya mto Lualaba. Alitaka kujua jambo moja tu: molekuli moja ya maji inaishikaje nyingine, na kwa nguvu kiasi gani.

Ndiyo maana mji ulimwita Prof wa Mayi. Wachache walimwita hivyo kwa heshima, wengi kwa kicheko, maana nyumbani kwake bomba lilikuwa limekauka miaka mingi, na kila asubuhi alionekana akisukuma baiskeli yenye vidumu vinne vya njano. Majirani hawakumwacha apite bure.

"Prof ya mayi, iko wapi mayi?"

"Mi najua namna inashikamana," alijibu bila kusimama. "Namna inafika ku bomba, muulize benyewe ba bomba."

Kuhusu ukoo wake usiniulize. Wanafunzi waliomuuliza kabila walijibiwa kwamba yeye ni mtu wa korido ya nyuma. Huko ndiko kilikokuwa chumba chake, mlango wa mwisho baada ya stoo ya mafagio, na huko ndiko nilikomjua mimi, mtoto wa mtaa wa Kasulo, nilipotumwa kwake kufanya kazi yangu ya mwisho kabla ya kupata shahada. Sikutumwa kwa kupendwa. Wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana walimu wa madini, na mimi nilichelewa kujiandikisha kwa sababu ya malaria. Nikabakiwa na Prof, na Prof akabakiwa na mimi.

Siku ya kwanza nilipobisha mlango alinieleza hali yake bila kunificha kitu. Mkuu wa kitivo alitaka chumba kile kiwe cha kufundishia kupima mawe ya shaba, na si kwamba alikuwa mtu mbaya, wanafunzi wa mawe walikuwa wengi na vyumba vichache. Prof alikuwa amemwomba msimu mmoja wa mvua. Msimu ukiisha bila mwanafunzi hata mmoja kumaliza kazi katika chumba kile na kuitetea mbele ya majaji, angetoa mashini yake ya kupimia na kurudisha ufunguo.

"Na banafunzi bengine beko wapi, Prof?" nikauliza.

Akatazama nyuma yangu, kwenye korido tupu, kama anayehesabu. "Ni weye," akasema. "Ingia. Acha biatu inje."

Viatu vilibaki nje kwa sababu ya vumbi, na vumbi lilikuwa adui wa pili. Adui wa kwanza alikuwa pumzi yetu. Mashini ya Prof ilikuwa kubwa kama kabati la nguo lililolazwa chali, nayo ilikuwa imetupwa na maabara ya kiwanda fulani, walikoitumia kuchunguza mafuta. Prof aliikuta nje imewekwa pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Akaomba, akaandikiwa karatasi, akaileta kwa mkokoteni huku imefunikwa blanketi la kitanda chake. Mkewe aliniambia kwamba blanketi lile halijarudi nyumbani mpaka leo, na kwamba majirani waliouona msafara ule walikuja jioni kutoa pole.

Ndani ya mashini mlikuwa na mwanga usioonekana kwa macho, ule ambao ngozi yako huujua ukikaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mwanga huo unapitishwa katika kitu unachokipima, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi ndefu. Pale ambapo kitu kimemeza mwanga, kalamu inashuka. Molekuli ya maji haitulii, inatikisika muda wote. Ikiwa peke yake inatikisika upesi. Ikishikwa na jirani, mtikisiko wake unapungua kasi, na kalamu inashuka mahali pengine. Ukipima umbali kati ya mahali hapo pawili, unajua jirani ameshika kwa nguvu gani. Ni hilo tu. Nimekwisha kulieleza kwa wanafunzi wangu mara nyingi na bado linanifurahisha, kwamba unaweza kupima mkono usioonekana kwa mwanga usioonekana.

Ubaya ni kwamba pumzi ya binadamu nayo ni maji. Ukikaa karibu na mashini ukihema, kalamu inakuchora wewe. Kwa hiyo katika chumba kile tulikuwa na desturi ambayo mgeni angedhani ni ya dini: kalamu ikianza kutembea, wote tunageuka na kuutazama ukuta, mikono nyuma, mpaka ifike mwisho wa karatasi. Ulikuwa mwendo wa dakika nyingi. Niliujua ukuta ule kuliko uso wa mama yangu. Siku moja mkuu wa kitivo alifungua mlango akatukuta tumempa mgongo, mzee na msichana, kimya. Akaufunga tena taratibu na kwenda zake.

Ili kukausha hewa ndani ya mashini, Prof alitumia mrututu. Mrututu ni shaba na maji vilivyokaa pamoja, ndiyo maana una rangi ya buluu. Prof aliukaanga nje juu ya mbabula mpaka maji yakatoka, ukawa mweupe kama unga wa muhogo, kisha akaujaza katika kisahani na kukiweka ndani ya mashini. Mrututu ulifyonza unyevu wote uliokuwemo. Ukianza kurudi buluu, tulijua ni wakati wa kukaanga tena. "Mu huu muji bantu bote banatumikia shaba," alipenda kusema akikoroga. "Kwangu shaba njo inatumikia mayi."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. Maji yaliyotakaswa kwa ajili ya maabara aliyagawa kwa tone, akikutazama mkono kama mwizi, lakini mwanafunzi mwenye njaa alijua njia ya kwenda kwake kula bukari na sombe, ugali na kisamvu chetu, na hakuna aliyehesabiwa tonge. Alikuwa na subira ya kukaa siku nzima akisafisha gurudumu moja dogo la mashini, lakini ukichelewa dakika tano alikufungia nje. Alitufundisha kwamba bangili ya shaba haiponyi baridi yabisi, na alipokuwa akitufundisha hivyo bangili ya shaba ilikuwa ikimetameta mkononi mwake.

"Prof, na hiyo?" nikamuuliza.

"Hii mukono haisikilizake mi," akasema. "Inasikilizaka mama yangu."

Na Prof wa Mayi mwenyewe, nitaapa kwa chochote mtakacho, sikumwona hata siku moja akinywa maji. Alikunywa chai.

Lakini kama ningeambiwa nimweleze kwa neno moja, ningechagua neno lake mwenyewe: "Ngapi?" Alilitumia kwa kila kitu. Ukimwambia mvua ilikuwa kubwa, ngapi? Ukimwambia umesoma sana, ngapi? Aliimba kwaya parokiani, sauti ya chini, na huko pia hakuwaacha watu salama. Jumapili moja padri alihubiri kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Prof akanong'ona, au alidhani ananong'ona, maana iliwafikia waliokaa mbele: "Nguvu ngapi?" Kwaya nzima ikaangua kicheko na wimbo uliofuata ukaharibika. Mkewe hakumsemesha mpaka Jumanne.

Hakuwa akifanya mzaha. Swali lile ndilo lililokuwa kazi yake. Siku za mwanzo aliniita uani pamoja na wanafunzi wawili waliokuwa wakipita. Akanishikisha mkono wa mmoja, akaniambia nimvute kidogo. Yule kijana akasimama tu, mkono umelegea. Kisha Prof akamwambia wa tatu amshike kijana huyo mkono wa pili na kumvuta upande wake. Papo hapo nikasikia vidole vyangu vimebanwa.

"Nani alikuambia ukaze mukono ya huyu mama?" Prof akamuuliza kijana wa katikati.

"Hakuna, Prof. Nilivutwa tu, nikakaza."

"Njo ile," akasema Prof, yaani ndiyo hiyo, na macho yakamng'aa. "Mayi njo vile iko."

Kisha akatueleza. Ukihesabu nguvu za maji kwa wawili wawili na kuzijumlisha, unapata jumla fulani. Lakini maji halisi yanashikana kuliko jumla hiyo, kwa sababu wa tatu akija, wale wawili wa kwanza nao wanakazana zaidi. Kuna ziada. Ziada hiyo ni kiasi gani, hilo ndilo alilotaka kulijua kabla ya kufa. Alipima kwa mashini na kuhesabu kwa nadharia, kwanza katika madaftari ya mistari, baadaye kwa kompyuta kuukuu iliyopewa uhai na betri ya lori, kwa maana umeme wa mji ulikuwa na tabia zake. Alisema nadharia bila mashini ni masengenyo, na mashini bila nadharia ni shahidi bubu. Hesabu moja ilichukua siku nne. Betri ikizimika siku ya tatu, aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya na kuanza upya.

Baba yangu, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, alimwelewa kwa haraka kuliko walimu wenzake. Prof alikuja kwetu Kasulo kuwaambia wazazi wangu kwamba ninafanya kazi vizuri. Wakati ule baba alikuwa akichimba kobalti ndani ya nyumba, kama nusu ya mtaa, na shimo lilikuwa katika chumba tulichokuwa tukilala. Kila mgeni aliyeingia aliuliza urefu wa shimo na rangi ya jiwe. Prof aliinama ukingoni, akasikiliza, akauliza: "Mayi inakuyaka ku metre ngapi?"

Baba akamsogezea kigoda. Hakuna kitu ambacho mchimbaji anakiogopa kuliko maji. Wakaketi pembeni ya shimo kama ndugu. Prof akachukua udongo, akaulowesha kidogo, akaufinyanga ukasimama. Akauongezea maji, ukaanguka.

"Kidogo inashikisha, mingi inaachisha," akamwambia baba. "Tata, mvua iko inakuya. Usishuke tena."

Baba alibisha, maana ndiye aliyelisha nyumba, lakini hakushuka. Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha na ukuta wa shimo la jirani ukaporomoka asubuhi, wenyewe wakiwa kanisani, na udongo wake ukajaza letu. Tangu siku hiyo baba alipomtaja Prof alivua kofia, hata akiwa peke yake chumbani. Nami nilijua kwamba baba yangu yuko hai kwa sababu ya tonge la udongo, na kwamba deni langu kwa mzee yule halikuwa la shule tu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Katika mashini, kitu unachokipima hukaa kati ya vioo viwili. Kioo cha kawaida hakifai, kwa kuwa kinauzuia ule mwanga wa joto. Chumvi inaupitisha. Kwa hiyo madirisha ya mashini, ndivyo tulivyoyaita, yalikuwa vipande viwili vilivyokatwa kwenye chumvi ngumu na kung'arishwa mpaka vikawa angavu, kila kimoja kikubwa kama kizibo cha chupa. Prof alikuwa na pea moja tu. Hatukutia maji matupu kati yake. Tulichanganya chembe kidogo ya maji katika kimiminika kikavu, yaani kisicho na maji na kisichoyeyusha chumvi, ili molekuli zielee mbalimbali, moja moja. Tulikuwa tumemaliza kupima hizo zilizo peke yake. Zilibaki zinazoshikana, na zilibaki wiki tatu niende mbele ya majaji.

Asubuhi ile niliwahi kufika. Upepo wa usiku ulikuwa umeleta vumbi kutoka upande wa machimbo ya Mutoshi, na madirisha yalikuwa na utando mwekundu. Mimi nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kumpa mgeni kikombe bila kukisuuza mbele yake. Nikayachukua madirisha, nikachota maji yaliyotakaswa, mazuri kabisa, nikayaosha kwa heshima zote. Na usidhani sikujua! Katika daftari langu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba madirisha ni ya chumvi. Lakini mkono wa mtoto wa Kasulo ukiona vumbi hauulizi daftari.

Kwanza yaliteleza kama sabuni. Kisha yakawa na ukungu. Nilipoelewa ninachofanya, moja lilikuwa limebaki jembamba kama ukucha na la pili limevunjika vipande. Prof alinikuta nimesimama na viganja vimeloa.

"Nilisafisha madirisha, Prof."

"Na nini?"

Nikainua viganja. Aliyaona maji yakidondoka kutoka vidoleni mwangu.

Ningependa kusema alitabasamu na kunisamehe, kama wazee wa hadithi. Hakutabasamu. Alichukua vile vipande, akavitia katika kichupa chenye mrututu mweupe, akakifunga, akatoka nje na kuketi mbele ya mbabula isiyo na moto. Nikamfuata nikilia, nikasema kile ambacho kila mtu husema: maji yakimwagika hayazoleki.

"Mayi haikumwangika," akasema bila kunitazama. "Mayi iko. Chumvi njo imeenda. Kama haikukuwa ya labo, ningemupa mama ya ku nyumba yangu atie mu sombe." Hata katika hasira yake alikuwa Prof. Lakini alikuwa amekasirika kweli, na siku tatu nilipofika nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilisikia akitembea. Nilisimama koridoni nikifikiri jinsi mtu alivyomwokoa baba yangu kwa udongo na maji, nami nikamlipa kwa kumyeyushia chumba chake. Nilijichukia sana siku zile.

Siku ya nne nilienda kumsaidia mama. Aliuza maji ya sasheti kwa wachimbaji, mifuko midogo ya plastiki iliyopangwa katika beseni lenye barafu. Nilimweleza yote, chumvi, mwanga, majaji. Alisikiliza huku akiuza, na nilidhani hasikilizi.

"Mi siyui labo," akasema mwishowe. "Lakini sasheti yangu iko na mayi ndani tangu asubui, na haiyeyuke."

Nilitaka kumwambia kwamba mambo hayako hivyo. Kisha nikakumbuka jambo ambalo Prof alilitaja mara moja darasani, kwamba plastiki nyembamba ya namna ile inaupitisha mwanga wa joto karibu wote, isipokuwa mahali pachache panapojulikana. Nikachukua sasheti tano bila kuaga. Mama akapiga kelele nyuma yangu kwamba hata majaji wanalipa.

Nilibisha mlango. Nilisikia hatua zake ndani. Nikasema kupitia tundu la ufunguo: "Prof, plastiki. Mayi yenyewe kati ya plastiki mbili, tunaibana mpaka inakuwa kidogo sana."

Hatua zikasimama.

"Plastiki ya soko? Mu labo yangu?"

"Tunapima kwanza plastiki bila kitu. Kiisha tunatia mayi. Kiisha tunatoa ile ya plastiki."

Hatua zikaja mlangoni. Nilisikia ufunguo ukizunguka. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa mekundu, na nikajua kwamba naye siku zile tatu hazikumpita bure. "Acha biatu inje," akasema.

Tulikata sasheti, tukaikausha, tukaibana. Prof akawasha mashini. Tukageukia ukuta. Nilisikia kalamu ikitembea, na mahali fulani sauti yake ikabadilika, ikawa ndefu, kama inashuka ngazi. Prof naye alisikia. Hakugeuka, mimi pia sikugeuka, lakini niliona mabega yake yameanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka.

Miaka yote alikuwa amepima maji yaliyotawanywa katika kimiminika kikavu, moja moja, pengine mawili, kwa kuwa madirisha ya chumvi hayakumruhusu zaidi. Sasa kwenye karatasi palikuwa na maji yenyewe, umati mzima ukiwa umeshikana, na kalamu ilikuwa imeshuka mbali sana na mahali pa wale wapweke. Nadharia ya wawili wawili haikufika pale. Ziada ilikuwa pale mbele yetu, imechorwa kwa wino. Prof aliufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, halafu akaniambia nimpelekee mama yangu salamu na kumwuliza kama angependa jina lake liandikwe pamoja na letu. Mama alisema afadhali tumrudishie sasheti zake.

Mbele ya majaji, mmoja wao aliinua mfuko mdogo na kuuliza, kwa Kifaransa chake kizuri, kama hii ni ile inayouzwa barabarani. Nilisema ndiyo. Ukumbi ukacheka. Nikaeleza, mstari baada ya mstari, mpaka kicheko kikaisha. Nilipita. Mkuu wa kitivo alimpa Prof mkono, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa Prof.

Lakini jibu la "ngapi" hatukulipata. Kuona ziada ni jambo moja, kuihesabu ni jingine. Ilihitaji kuhesabu mamia ya mikao ya molekuli tatu tatu, na kompyuta ya Prof ilikufa na wimbo wake wa kanisa kabla ya kufika popote. Alistaafu akiwa hajui. Aliniachia ufunguo, kisahani cha mrututu na madaftari kumi na moja, akahamia Kasaji kulima karanga. Mimi nikaanza kufundisha, na nikaendelea pale alipoishia, kwanza peke yangu, kisha na mwanafunzi mmoja, kisha na wawili.

Nilimwona msimu uliopita. Nilikwenda Kasaji kwa pikipiki, barabara ikanikung'uta kama mahindi kwenye ungo. Alikuwa ameketi nje akibambua karanga, amekonda, mikono ikitetemeka, bangili imelegea. Aliniangalia midomo.

"Mama, leo ulikunywa mayi?"

"Bado, Prof."

"Bado!" Akamwita mkewe kwa hasira ya zamani, nikaletewa kikombe. Kikasuuzwa mbele yangu kwanza.

Nikatoa zawadi niliyomletea: dirisha jipya, lililokatwa kwenye jiwe angavu liitwalo floriti. Tulikuwa tumepata pea mbili. Akaligeuzageuza karibu na macho.

"Ni chumvi?"

"Hapana, Prof. Haiogope mayi."

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Akavuta kidumu cha njano kwa mguu, akalimiminia maji, akalisugua kwa kidole gumba, taratibu, huku akinitazama mimi usoni kama ananikumbusha. Akalifuta kwa shati na kuliinua kwenye jua. Lilikuwa zima. Tukacheka mpaka mkewe akatoka kuona kuna nini.

"Na chumba?" akauliza baadaye, akiangalia karanga.

"Kiko. Mashini iko, na ya mupya iko pembeni. Tuko batatu."

"Batatu," akarudia polepole. "Umoja ni nguvu, sivyo?"

"Ni nguvu, Prof."

"Ngapi?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi ambayo sisi watatu tuliimaliza wiki ile, na ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameiona. Sikumwachia aisome mwenyewe kwa sababu ya macho yake. Nilimsomea mahali kalamu iliposhuka, kisha mahali nadharia ya wawili wawili ilipofika, kisha namba ya ziada anayoileta wa tatu, na jinsi nadharia ikiongezewa ziada hiyo inavyoifikia kalamu. Karanga zilikuwa zimesimama mikononi mwake, na mikono ilikuwa imeacha kutetemeka, au labda ni mimi sikuweza tena kuona vizuri.

"Soma tena," akasema Prof.

Nikasoma tena.